Waranti ya nyongeza kwa pikapu ya mfanyabiashara wa dagaa: uchambuzi wa kisa kimoja cha Mwanza

Mfanyabiashara mmoja wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, aliamua kununua pikapu mpya ya dizeli yenye milango minne kwa mkopo wa benki. Siku ya kusaini, juu ya karatasi za mauzo na za mkopo, aliwekewa mezani karatasi nyingine ambayo hakuitarajia, yaani mkataba wa waranti ya nyongeza kwa bei ya shilingi 4,800,000. Waranti ya kiwanda iliyokuja na gari ilikuwa ya miaka 3 au kilomita 100,000, kutegemea kipi kitatangulia, na nyongeza hiyo ingeifikisha miaka 5 au kilomita 150,000. Kijana wa mauzo alimwambia kwa heshima, "Mama, hii usiiache, inaingia humohumo kwenye mkopo, wala hutaisikia." Mama huyo hakusaini. Aliomba nakala, na kwa kuwa mimi ndiye ninayemwandalia hesabu za biashara, aliniletea na kuniambia, "Mwanangu, bei nimeshaiona. Wewe nisomee wanachokataa."

Nilifurahishwa na agizo hilo, kwa sababu limegusa mahali ambapo uamuzi wa namna hii hukaa. Watu wengi wa Mwanza tumezoea magari yaliyotumika kutoka Japani, ambayo mnunuzi huyapokea jinsi yalivyo na kuyakabidhi kwa fundi wake, hivyo hatuna mazoea ya kusoma waranti. Mtu anaponunua gari jipya kwa mara ya kwanza, huona neno waranti na kudhani kwamba gari likiharibika, kwa namna yoyote ile, atatengenezewa bure. Waranti ni mkataba. Ina mipaka ya muda, ya umbali, ya vipuri, ya matumizi na ya mahali pa kufanyia sevisi, na swali la maana ni kama mipaka hiyo inalingana na maisha halisi ya gari linalozungumziwa.

Nilianza na umbali, kwa sababu ndio uliobadilisha hesabu nzima. Mama huyu hununua dagaa katika mialo (sehemu za kushushia samaki ufukweni) ya Buchosa na Sengerema, huvifikisha vifurushi vya sampuli Kirumba kwa wateja wanaotoka Kongo, Burundi na Rwanda, na mara kwa mara huenda hadi Geita kukusanya madeni. Mzigo mkubwa hupakiwa kwenye Fuso la kukodi, lakini pikapu ndiyo inayotangulia kukagua, kulipa na kubeba magunia ya kwanza. Zamani safari hizo zilibanwa na kivuko cha Kigongo, kwa kuwa foleni peke yake ingeweza kula nusu ya siku. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa takribani kilomita 3 lifunguliwe mwezi Juni mwaka 2025, mtu anaweza kutoka Mwanza asubuhi, akapita Usagara, akavuka, akafika Sengerema na Geita, kisha akarudi kulala kwake. Hilo ni jambo jema kwa biashara, ila pia limeongeza kilomita. Tulipopitia daftari la mafuta la gari lake la zamani, tuliona kwamba baada ya daraja kufunguliwa gari lilikuwa likitembea takribani kilomita 3,000 kwa mwezi.

Kwa mwendo huo, kilomita 100,000 za waranti ya kiwanda zitakwisha baada ya miezi 33 hivi, kabla ya miaka 3 kutimia. Kilomita 150,000 zitakwisha mwezi wa 50, yaani miezi 10 kabla ya miaka 5 kutimia. Kwa hiyo ile "miaka 2 zaidi" iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye jalada la mkataba, kwa mama huyu ni miezi 17 hivi. Anachouziwa ni kilomita 50,000. Ukigawa bei kwa kilomita hizo unapata shilingi 96 kwa kila kilomita, na hapo bado hatujagusa riba.

Riba nayo ina uzito wake. Mkopo wake ulikuwa wa miaka 4 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, inayotozwa kwenye salio linalopungua. Shilingi 4,800,000 zikiingizwa humo zinaongeza marejesho kwa takribani shilingi 136,000 kila mwezi, na hadi mkopo utakapokwisha mama atakuwa amelipa karibu shilingi 6,530,000 kwa ajili ya waranti peke yake. Tena malipo hayo yanaanza mwezi wa kwanza, ilhali ulinzi wenyewe unaanza pale waranti ya kiwanda inapokoma, yaani mwezi wa 34. Kwa karibu miaka 3 angelipia kitu ambacho hakijaanza kumfanyia kazi. Nilimweleza jambo hilo kwa upande wa pili pia: akiweka shilingi 136,000 zilezile kila mwezi kwenye akaunti tofauti au kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja, basi siku waranti ya kiwanda itakapokwisha atakuwa na karibu shilingi 4,490,000 mkononi, bila kuhesabu faida yoyote, na hakuna mtu atakayemuuliza alifanyia sevisi wapi.

Sevisi ndiyo gharama iliyojificha zaidi. Mkataba ulitaka gari lifanyiwe sevisi kila kilomita 5,000 katika gereji iliyoidhinishwa na muuzaji, kwa ruhusa ya kuzidisha kilomita 500 tu, katika kipindi chote cha waranti. Katika kipindi cha waranti ya kiwanda sharti hilo lipo vilevile, kwa hiyo halina tofauti. Tofauti inaanza baada ya kilomita 100,000, ambapo mama angekuwa huru kumpelekea fundi wake anayemwamini. Kwa bei tulizoandikiwa, sevisi ya kawaida katika gereji iliyoidhinishwa ilikuwa shilingi 430,000, na fundi wake, kwa oili ya daraja lilelile na filta halisi, angemtoza shilingi 280,000. Kilomita 50,000 ni sevisi 10, kwa hiyo tofauti ni shilingi 1,500,000. Ukiijumlisha na yale ya benki, gharama ya kweli ya waranti hiyo inakaribia shilingi 8,030,000, ambazo ni zaidi ya shilingi 160 kwa kila kilomita inayolindwa.

Mtu anaweza kusema kwamba gharama hiyo si kubwa iwapo injini itakufa. Ni kweli, na ndiyo maana orodha ya vinavyokataliwa ilihitaji kusomwa neno kwa neno.

Pikapu ya kisasa ya dizeli ikifanyiwa sevisi kwa wakati haitarajiwi kuvunjika injini, giaboksi au difu kati ya kilomita 100,000 na 150,000. Vifaa hivyo vinaweza kufa, lakini si desturi. Vinavyochoka katika umbali huo, hasa kwenye barabara za vumbi za kuelekea mialoni, ni klachi, shokapu, bushi, beringi za magurudumu, breki, betri na mipira ya aina mbalimbali. Mkataba uliviweka vyote hivyo katika kundi la vitu vinavyochakaa kwa matumizi na kuvikataa. Baada ya hivyo huja nozeli, pampu ya dizeli na tabo, vifaa vya bei kubwa ambavyo mtu yeyote angependa vilindwe. Mkataba ulivikubali, kisha katika kifungu kingine ukakataa madhara yoyote yatokanayo na mafuta machafu au yasiyo ya kiwango.

Kifungu hicho cha mafuta kinastahili kutazamwa kwa makini na mtu yeyote wa kanda ya ziwa. Mfumo wa sindano wa dizeli za kisasa, yaani ule unaopulizia mafuta ndani ya injini, hufanya kazi kwa msukumo mkubwa mno, na nafasi kati ya chuma na chuma ndani ya nozeli ni ndogo sana, kiasi kwamba maji kidogo au vumbi laini vinatosha kuikwangua. Nchi za Afrika Mashariki zilipitisha kiwango cha dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni tangu mwaka 2015, na Serikali huweka vinasaba katika mafuta ili kuwabaini wachakachuaji, kwa hiyo mafuta ya kituo kinachoaminika si tatizo kubwa. Tatizo ni mafuta ya madumu. Mialoni, ambako kituo kiko mbali na mitumbwi inahitaji kuondoka, mafuta huuzwa kwa madumu, na dereva wa mama huyu alikubali mbele yetu kwamba amekuwa akijaza huko pale anapokaukiwa. Nozeli zikifa na sampuli ya tangi ikionyesha maji, dai litakataliwa, na sidhani kwamba mtu wa haki angeweza kuilaumu kampuni kwa kulikataa. Ulinzi wa nozeli kwa gari hili, kwa hiyo, ulikuwepo kwenye karatasi kuliko barabarani.

Kulikuwa pia na kutu. Waranti ya nyongeza haikugusa bodi wala nyaya zilizoharibiwa na kutu inayosababishwa na mzigo. Dagaa wakavu hawana shida, lakini pikapu hii hubeba pia sangara na sato wenye barafu kila mteja wa hoteli anapoagiza, na wakati mwingine kayabo, yaani samaki waliokaushwa kwa chumvi. Maji ya barafu na chumvi huchuruzika kupitia matundu ya bodi, hufika kwenye chesisi na kwenye viunganishi vya nyaya za taa za nyuma. Anayefanya kazi Mwaloni anajua jinsi magari ya samaki yalivyo kwa chini.

Baada ya hapo tulifika kwenye kifungu kilichonitia wasiwasi kuliko vyote: waranti haitalihusu gari "linalokodishwa au linalobeba abiria au mizigo kwa malipo". Je, mwanamke anayebeba dagaa wake mwenyewe anabeba mizigo kwa malipo? Kijana wa mauzo alipopigiwa simu alijibu, "Hamna shida, mama, hiyo ni kwa wenye daladala na teksi." Nilimshauri asiikubali simu hiyo kama jibu, bali aandike barua fupi yenye maswali matano na kuomba majibu yenye saini na mhuri. Barua ilijibiwa. Mzigo wa mmiliki mwenyewe uliruhusiwa, mradi usizidi uzito uliowekwa na mtengenezaji. Mzigo wa mtu mwingine uliolipiwa, hata mara moja, ungeweza kuwa sababu ya kukataa dai.

Mama aliposikia hivyo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa wenzangu wa kikundi niwaambieje?" Katika kikundi chao cha akina mama, mwenye gari anaporudi kutoka Buchosa akiwa na nafasi hupakia magunia ya wenzake, nao huchangia mafuta. Huo si usafirishaji wa biashara kama wanavyouelewa wao. Ni ujirani, na ndio uliomsaidia yeye mwenyewe alipokuwa hana hata baiskeli. Lakini mchango wa mafuta ni malipo, na mtu anayekagua dai akiona ujumbe wa pesa za simu wenye maneno "nauli ya magunia" atakuwa na sababu mkononi. Mkataba unaomtaka mtu aache desturi inayoshikilia biashara yake una gharama ambayo sikuweza kuiandika kwenye hesabu zangu, na yeye aliipima haraka kuliko mimi.

Majibu ya barua yalionyesha pia nani hasa alikuwa akitoa ahadi. Jaladani kulikuwa na nembo ya mtengenezaji, lakini ndani aliyejifunga alikuwa muuzaji. Jambo hili lina uzito, kwa sababu ahadi ya mtengenezaji inaweza kudaiwa kwa wakala mwingine, ahadi ya kampuni ya bima iko chini ya usimamizi wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, na ahadi ya muuzaji inaishi kadiri muuzaji anavyoishi. Aidha, idhini ya matengenezo yoyote ilipaswa kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka hapa, kipuri kisichokuwepo kingeagizwa, na katika siku zote hizo mkataba haukulipa gari la kukodi wala hasara ya biashara. Kuvutwa gari kulilipwa kwa kilomita 50 tu, kiwango ambacho hakimfikishi Mwanza mtu aliyekwama Geita. Kwa mfanyabiashara, gari kusimama wiki tatu wakati wa msimu wa dagaa kunaweza kuuma kuliko bei ya alteneta.

Sikutaka kumwonyesha upande mmoja tu. Waranti hii ilikuwa na vitu vya kweli ndani yake: alteneta, stata, kompresa ya kiyoyozi, vihisio, kompyuta ya injini na giaboksi vilikubaliwa bila masharti mazito, na umeme wa magari mapya una vifaa vingi ambavyo fundi wa mtaani hawezi kuvitengeneza, anabadilisha tu. Kompyuta moja ya injini ikifa inaweza kumaliza akiba yote ya mwaka. Mtu asiye na akiba, ambaye pigo moja la shilingi milioni 6 lingemfanya ashindwe marejesho ya benki, ana sababu nzuri ya kulipa zaidi ili alale usingizi, hata kama kwa wastani atapoteza. Vivyo hivyo mtumishi wa umma anayekaa Bwiru na kufanya kazi mjini, ambaye gari lake linatembea kilomita 1,000 kwa mwezi, habebi samaki na hujaza mafuta kituo kilekile. Huyo angepata miezi 24 kamili ya nyongeza, na vifungu vingi nilivyovitaja visingemgusa. Kwake ningeuliza bei tu, na kama angelipa taslimu badala ya kuiingiza kwenye mkopo, ningesita kumzuia.

Mwanawe wa kiume, anayesoma chuo, alileta hoja kutoka intaneti kwamba waranti hizi hazina faida. Ni kweli kwamba jarida la Consumer Reports la Marekani liliripoti mwaka 2014 kuwa asilimia 55 ya wamiliki waliohojiwa, ambao walikuwa wamenunua waranti za namna hii, hawakuwahi kuzitumia kwa matengenezo. Alisoma pia kwamba mwenye gari anaweza kufanya sevisi popote bila kupoteza waranti. Hiyo nayo ni sheria ya Marekani, ya Magnuson–Moss ya mwaka 1975, ambayo inamkataza mtengenezaji kumlazimisha mteja kutumia vipuri au huduma ya jina fulani. Mnunuzi wa Mwanza asiiegemee. Hapa mkataba ukisema gereji iliyoidhinishwa, ajiandae kudaiwa stakabadhi za gereji hiyo. Ulinzi alionao mnunuzi wetu nje ya mkataba unatoka katika Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambazo zinamtaka muuzaji atoe bidhaa yenye ubora unaofaa na isiyotangazwa kwa udanganyifu. Sheria hizo zina nguvu gari likiwa na kasoro tangu mwanzo, si linapochoka likiwa na kilomita 120,000, lakini inafaa mnunuzi ajue kwamba kukataa waranti ya nyongeza hakumnyang'anyi haki hizo.

Swali la tano katika barua ndilo lililoondoa haraka yote: je, nyongeza hii inaweza kununuliwa baadaye? Jibu lilikuwa ndiyo, wakati wowote kabla ya waranti ya kiwanda kwisha, kwa bei ya siku hiyo na baada ya gari kukaguliwa. Hili halikutajwa siku ya kusaini. Kwa jibu hilo hapakuwa tena na sababu ya kulipa riba ya miezi 33 kwa ajili ya kitu ambacho kinaweza kununuliwa mwezi wa 33, na mnunuzi yeyote anayeshawishiwa mezani angefanya vyema kuuliza swali hilo kabla ya jingine lolote.

Mama aliamua kutoinunua. Alirudi kwa muuzaji akiwa na jambo lingine la kuomba, na kwa kuwa mauzo yalikuwa bado hayajakamilika alisikilizwa: bodi ikazibwa na kupakwa dawa ya kuzuia kutu chini kote, na akapewa filta ya ziada ya kutenganisha maji na dizeli, iliyofungwa na gereji yao wenyewe na kuandikwa kwenye kitabu cha sevisi ili isije ikatajwa baadaye kama mabadiliko yasiyoidhinishwa. Dereva alikatazwa mafuta ya madumu na kupewa dumu moja safi la akiba, linalojazwa Mwanza. Shilingi 136,000 zinakatwa kila mwezi kwenda akaunti ambayo haina kadi. Magunia ya wenzake yanaendelea kupakiwa, kwa kuwa mkataba wa kiwanda, tulipousoma, ulizuia kuzidisha uzito na ukodishaji wa gari lenyewe, na kwa hayo mawili yeye yuko salama.

Limebaki jambo moja ambalo nimeliandika kwenye kalenda yake ya biashara kwa wino mwekundu. Gari litakapofikisha kilomita 95,000, kabla waranti ya kiwanda haijakoma, litapelekwa gereji iliyoidhinishwa kwa ukaguzi kamili wa kulipia: mfumo wa sindano upimwe, tabo isikilizwe, uvujaji wa oili utafutwe kwenye injini, giaboksi na difu, na kompyuta isomwe makosa yote iliyoyahifadhi. Kila hitilafu itaandikwa na kudaiwa siku hiyohiyo kwa barua yenye tarehe na kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi, ili dai liwe limepokelewa ndani ya muda hata kama kipuri kitachelewa kufika. Nakala moja itakaa gereji, nyingine itakaa kwangu, na kwa karatasi ya ukaguzi huo mkononi ndipo tutakapoitazama upya ile shilingi milioni 4.8, au bei yoyote itakayokuwepo wakati huo.